Nyota za duara: bila kuongoza, kwa darubini ndogo ya pembeni, au kwa prizimu?

Mtu akishapata picha yake ya kwanza ya Kilimia au ya nebula kubwa ya Jabari, huikuza kwenye skrini, na hapo ndipo anapoona kwamba nyota hazikutulia. Nyingine ni nukta safi, nyingine zimevutika upande mmoja, na katika picha inayofuata zote zimevutika. Akiuliza, mara nyingi hujibiwa jambo moja tu: nunua vifaa vya kuongoza. Kwa wengine ushauri huo ni sahihi, kwa wengine umekuja mapema mno. Ninaandika kwa ajili ya aliyekwama hapo katikati, ana kitako chenye mota (kile kinachobeba kamera au darubini na kuizungusha ifuate nyota) na kamera, na hajui hatua inayofuata ni ipi.

Tuanze na tatizo lenyewe. Anga huonekana kuzunguka mara moja kila baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa sababu dunia inazunguka. Digrii moja ina sekunde za tao 3,600, na kwa kipimo hicho nyota iliyo kwenye ikweta ya anga husogea takriban sekunde 15 za tao katika kila sekunde ya saa. Kitako cha ikweta huzunguka kwa mwendo huohuo ili kitu unachokipiga kibaki palepale juu ya sensa. Gia zake, hata hivyo, zina kasoro, mhimili wake haulengi barabara ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo anga huonekana kuizunguka, waya huvuta na upepo husukuma. Kuongoza ni kuweka kamera ya pili inayotazama nyota moja au kadhaa kila baada ya sekunde moja mbili, inapima nyota imehama kiasi gani, kisha inakiamuru kitako kirekebishe.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya jicho na mkono. Mmarekani Henry Draper, mmoja wa wapiga picha wa kwanza wa anga, alipoipiga nebula ya Jabari tarehe 30 Septemba 1880, sahani yake ilipokea mwanga kwa dakika 51. Mnajimu Edward Emerson Barnard alikesha saa nyingi akiishikilia nyota ya kuongoza kwenye msalaba wa nyuzi ndani ya kijicho cha darubini. Kilichobadilika ni nani anayekesha. Swali la kujiuliza limebaki lilelile: kosa la kitako chako linaonekana kwenye picha yako, au halionekani?

Vigezo vya kupimia

Kigezo kikubwa kuliko vyote ni kiasi cha anga kinachoangukia pikseli moja. Zidisha 206.265 kwa ukubwa wa pikseli kwa mikroni, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita, yaani ile namba ya milimita inayoandikwa kwenye lenzi au darubini. Jibu ni sekunde za tao kwa pikseli. Kwa pikseli ya mikroni 3.76, ambayo iko kwenye kamera nyingi za sasa za unajimu, lenzi ya milimita 135 inatoa 5.7, darubini ya milimita 400 inatoa 1.9, ya milimita 1,000 inatoa 0.78, na ya milimita 2,000 inatoa 0.39. Ifanye hesabu hii kwa vifaa vyako kabla ya kuendelea kusoma, maana mengi ya yanayofuata yanaitegemea.

Kigezo cha pili ni kosa la gia. Vitako vingi vya wanaoanza huendeshwa na skrubu inayosukuma gurudumu la meno. Gurudumu likiwa na meno 180, skrubu humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 479 hivi, na kasoro zake hujirudia kila mzunguko: nyota inatangulia kidogo, inarudi nyuma, inatangulia tena. Chukua mfano wa kitako kinachoyumba sekunde 30 za tao kutoka mwisho mmoja wa yumbo hadi mwingine. Pale mwendo unapokuwa mkali zaidi, nyota itahama karibu sekunde 6 za tao ndani ya sekunde 30 za saa. Kwenye lenzi ya milimita 135 hiyo ni pikseli moja, na hutaiona. Kwenye darubini ya milimita 400 ni pikseli tatu, na nyota imeshakuwa mstari mfupi. Kitako ni kilekile na kosa ni lilelile. Kilichotofautiana ni lenzi.

Cha tatu ni kulenga ncha ya anga. Mhimili ukikosea ncha kwa dakika 5 za tao (dakika moja ya tao ni sekunde 60 za tao), nyota inaweza kutambaa hadi sekunde 1.3 za tao kila dakika. Ni kidogo kwa fremu ya sekunde 30, na ni pikseli mbili kwa fremu ya dakika tatu kwenye ile darubini ya milimita 400.

Vilivyobaki ni vya kawaida: uzito unaoongezeka juu ya kitako, muda wa kuandaa usiku, na namna kila njia inavyoshindwa. Hicho cha mwisho husahaulika sana. Kila njia kati ya hizi tatu hushindwa kwa namna yake, na ukijua alama zake utaokoa usiku mwingi.

Njia ya kwanza: bila kuongoza, fremu fupi nyingi

*Inavyofanya kazi.* Kitako kinafuata anga peke yake. Unapiga fremu za sekunde 15, 30, pengine 60, kwa wingi, kisha programu kama Siril au DeepSkyStacker, zote za bure, inazilinganisha nyota kwa nyota na kuzirundika kuwa picha moja. Fremu 120 za sekunde 30 ni saa moja ya mwanga, na fremu 20 za sekunde 180 ni saa moja vilevile. Hazilingani kabisa, kwa sababu sensa huongeza chenga kidogo, yaani madoadoa yasiyo mwanga wa nyota, kila inaposomwa. Lakini sensa za sasa zina chenga chache za kusoma, na chini ya anga lenye mwanga wa taa, mng'ao wa anga wenyewe huzifunika. Tofauti huanza kuuma pale unapokuwa na anga jeusi kweli, au unapoweka filta nyembamba inayopitisha mwanga wa haidrojeni tu. Hapo fremu fupi hubaki karibu tupu.

*Urefu wa fokasi unaomudu.* Hadi milimita 135 au 200 bila wasiwasi mkubwa. Kati ya 250 na 400 inawezekana kwa kufupisha shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) na kukubali kutupa fremu kadhaa, zile zilizoangukia sehemu kali ya yumbo la gia. Kupita hapo unapigana na hesabu.

*Uzito na vifaa.* Hakuna njia nyepesi kuliko hii: kamera, lenzi, kitako kidogo cha kufuatilia, tripodi na rimoti ya kuhesabu muda. Kompyuta si lazima. Gharama yake imejificha kwenye nafasi ya kuhifadhi. Fremu ya pikseli milioni 26 ya biti 16 isiyobanwa ni megabaiti 52, kwa hiyo saa moja ya fremu za sekunde 30 ni gigabaiti 6 na zaidi, ambapo saa moja ya fremu za dakika tatu ni gigabaiti 1 tu. Kompyuta itakayozirundika itabeba mzigo huo pia.

*Usiku wa kwanza.* Unalenga ncha, unaweka fokasi juu ya nyota angavu, unajaribu shata ya sekunde 60, unakuza, unapunguza hadi nyota ziwe za duara. Ndani ya nusu saa unakusanya mwanga.

*Inavyoshindwa.* Shabaha hutambaa polepole kuelekea upande uleule fremu baada ya fremu, na zikirundikwa, chenga za kudumu za sensa huchora mistari ya mshazari kwenye picha nzima. Wengi huiona mistari hiyo na kuilaumu kamera. Dawa yake ni kuisogeza shabaha pikseli kadhaa, kila mara upande tofauti, baada ya kila fremu chache. Mwenye kuongoza hufanyiwa kazi hiyo na programu. Asiyeongoza huifanya kwa mkono kupitia vitufe vya kitako, na inafaa aifanye hata kama inachosha.

*Inamfaa nani.* Mwenye lenzi ya kamera, anayesafiri na begi, au ambaye bado hajui kama ataipenda kazi hii ya usiku. Shabaha si haba: galaksi ya Andromeda ina urefu wa digrii tatu hivi, Kilimia na ukungu wake hujaza karibu digrii mbili, na Wingu Kubwa la Magellan ni kubwa kuliko vyote hivyo. Lakini kama kitako chako ni kile cha gia za hamoniki, vile vyepesi visivyohitaji uzito wa kusawazisha, njia hii haikufai isipokuwa kwa lenzi fupi. Yumbo lake ni kubwa na huja kwa kasi, na vilitengenezwa vikitarajiwa kuongozwa.

Njia ya pili: darubini ndogo ya kuongoza

*Inavyofanya kazi.* Juu ya darubini kuu unafunga darubini ndogo, kwa kawaida yenye kipenyo cha milimita 30 hadi 50 na fokasi ya milimita 120 hadi 200, na nyuma yake kamera ndogo, ambayo ni bora iwe ya rangi nyeusi na nyeupe. Inatazama karibu na pale darubini kuu inapotazama, inachagua nyota, na kazi inaanza. PHD2, programu ya kuongoza inayotumiwa na wengi, katika matoleo yake ya sasa hufuata nyota kadhaa kwa pamoja, jambo linalopunguza sana kudanganywa na mtikisiko wa hewa.

*Urefu wa fokasi unaomudu.* Hapa watu hushangaa. Darubini ya kuongoza ya milimita 120 yenye pikseli za mikroni 3.75 inaona sekunde 6.4 za tao kwa pikseli. Itawezaje kusahihisha kosa la sekunde moja? Nyota haiangukii pikseli moja. Mwanga wake hutapakaa juu ya kadhaa, na programu hupiga hesabu ya kitovu chake hadi sehemu ndogo ya pikseli. Wenye uzoefu husema kipimo cha kamera ya kuongoza kisizidi mara nne au tano ya kile cha kamera kuu. Kwa hiyo ile ya milimita 120 inamtosha mwenye darubini kuu ya hadi milimita 600 hivi, na ya milimita 200 inaweza kufika karibu na 1,000 ikiwa imefungwa kwa uimara.

*Uzito na vifaa.* Mara nyingi chini ya kilo moja, na nyaya mbili za ziada. Inahitaji kompyuta au kisanduku cha kuiendesha. Habari njema ni kwamba haigusi njia ya mwanga wa kamera kuu: hubadilishi umbali wowote, na lenzi ya kamera inaweza kuongozwa sawa na darubini.

*Usiku wa kwanza.* Fokasi ya darubini ndogo huwekwa mara moja, inafungwa, na inaweza kudumu miezi. Uwanja wake ni mpana sana. Sensa yenye upana wa milimita 4.8 nyuma ya milimita 120 inaona zaidi ya digrii mbili, kwa hiyo nyota ya kuongoza ipo karibu kila unakoelekea. Kwa anayejifunza, kutoitafuta nyota ni nusu ya utulivu wa moyo.

*Inavyoshindwa.* Kwa kupinda. Darubini mbili zimefungwa pamoja kwa skrubu na pete, na kadiri kitako kinavyogeuka, uzito hubadili upande na moja huinama kidogo kuliko mwenzake. Kamera ya kuongoza haina habari. Inaishikilia nyota yake vizuri kabisa, grafu imetulia, na picha kuu ina nyota ndefu. Hali hii huwachanganya wengi kwa sababu namba zinasema kila kitu ni salama.

Ipo namna ya kuitambua. Ongoza kwa saa nzima bila kuruhusu programu kusogeza shabaha, kisha linganisha fremu ya kwanza na ya mwisho. Kama nyota zote zimehama kwa pamoja upande mmoja, ni kupinda. Kama zimeizunguka nyota ya kuongoza, kidogo zile zilizo karibu nayo na zaidi zile zilizo mbali nayo, basi ncha haikulengwa vizuri, na hakuna kuongoza kutakakoponya mzunguko huo. Kupinda hupungua ukikaza pete mbili badala ya kuitundika darubini ndogo kwa skrubu moja, ukifunga fokasi isicheze, na ukifunga nyaya kwa vibanio karibu na mhimili ili zisining'inie na kuvuta.

*Inamfaa nani.* Mwenye darubini ya lenzi ya milimita 250 hadi 600, ambayo ndiyo hali ya wengi wanaoanza. Pia mwenye kamera ya kawaida ya picha, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Njia ya tatu: prizimu ndani ya darubini kuu

*Inavyofanya kazi.* Kifaa chembamba hufungwa kati ya darubini na kamera kuu. Ndani yake kuna prizimu ndogo inayochota mwanga wa pembeni, ule ambao usingefika kwenye sensa kuu, na kuupeleka kwenye kamera ya kuongoza iliyosimama kwa pembe mraba. Kamera mbili, darubini moja.

*Urefu wa fokasi unaomudu.* Wowote, lakini thamani yake huonekana kuanzia milimita 1,000. Kamera ya kuongoza inatumia fokasi ileile ya kamera kuu, na lolote linalotikisa darubini linaonekana na zote mbili. Kwa darubini za Schmidt-Cassegrain, zile fupi na nene zenye vioo ndani na fokasi ndefu, hili lina uzito wa pekee: kioo chao kikuu huteleza kwa ajili ya fokasi, na kinaweza kuinama kidogo kitako kinapogeuka. Darubini ndogo ya nje haiwezi kuona kioo kikiinama. Prizimu inaona.

*Uzito na vifaa.* Mwepesi kuliko darubini ndogo, lakini unakula nafasi. Darubini nyingi zilizowekewa lenzi ya kunyoosha uwanja (ili nyota za pembeni zisivutike) zinataka milimita 55 kutoka lenzi hiyo hadi sensa. Kamera ya kioo (DSLR) ya Canon ya mlango wa EF ina milimita 44 kutoka mlangoni hadi sensa, na pete ya kuunganishia ina 11. Jumla ni 55, na prizimu haina pa kukaa. Ndiyo maana njia hii huwaendea zaidi wenye kamera za unajimu au kamera zisizo na kioo, ambazo sensa yao iko karibu na mlango. Pima kabla ya kununua, na uhesabu hata unene wa filta.

*Usiku wa kwanza.* Ndio mgumu kuliko yote mawili yaliyotangulia. Lazima kamera zote mbili ziwe na fokasi kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ni nyepesi mchana: elekeza darubini kwenye kitu cha mbali sana, mbali kabisa na jua, weka fokasi ya kamera kuu, kisha bila kugusa fokasi ya darubini sogeza kamera ya kuongoza ndani na nje hadi nayo ione wazi. Usiku utamalizia juu ya nyota. Prizimu ielekee upande mrefu wa sensa, nayo iingie tu mpaka pale ambapo kivuli chake hakigusi picha.

*Inavyoshindwa.* Kwa kukosa nyota. Sensa ileile ya milimita 4.8 iliyoona digrii mbili nyuma ya darubini ndogo, nyuma ya milimita 2,000 inaona dakika 8 za tao tu kwa upana. Katika anga la Njia Nyeupe hutahisi upungufu, lakini ukielekea kwenye galaksi, mbali na ukanda huo, unaweza kukuta uwanja mtupu. Basi inabidi kurefusha shata ya kuongoza hadi sekunde 3 au 4, au kuzungusha kifaa kizima ukitafuta. Kamera ya kuongoza yenye sensa kubwa na hisia kali si anasa katika njia hii. Nyota zenyewe, kwa kuwa zinatoka ukingoni mwa uwanja, huweza kuonekana kama zimebanwa upande. Programu huzivumilia, usiogope.

*Inamfaa nani.* Mwenye darubini ndefu na kitako kizito cha kuibeba, na yule ambaye amethibitisha kwa jaribio la saa moja kwamba kupinda ndiko kunakomharibia.

Kompyuta au kisanduku?

Hili nalipita haraka. PHD2 ni ya bure na inaenda kwenye Windows, macOS na Linux. N.I.N.A. ya kusimamia upigaji mzima ni ya Windows. KStars pamoja na Ekos inawafaa wa Linux. Visanduku kama ASIAIR ya ZWO huendeshwa kwa simu na hupunguza waya na maumivu ya kichwa, kwa sharti la kutumia kamera za kampuni hiyo au baadhi ya kamera za kawaida za picha. Ninalosisitiza ni jinsi ya kuunganisha: kama kitako chako kinaweza kupokea amri za kuongoza kupitia waya wake wa kompyuta, tumia huo kuliko mlango wa ST-4, ule wa waya wa kuongoza pekee. Kwa njia hiyo programu inajua darubini inatazama wapi na iko upande gani wa nguzo, na kalibresheni moja (kipimo cha mwanzo cha jinsi kitako kinavyoitikia amri) inaweza kutumika tena ukihamia shabaha nyingine. ST-4 ibaki kwa vitako vidogo visivyo na njia nyingine. Na ujue kwamba vingi vya hivyo vina mota moja: vinaongozwa mashariki na magharibi tu. Kosa la kaskazini na kusini litabaki, kwa hiyo kulenga ncha kwao ni jambo la lazima zaidi.

Ukichagua kuongoza: usiku wa kwanza

Sehemu hii inahusu njia ya pili na ya tatu kwa pamoja, na ndipo ninapotaka mwanafunzi atulie.

Lenga ncha kwanza, kwa uangalifu uleule kana kwamba hutaongoza. Ukiwa mahali ambapo ncha imezibwa au iko chini sana karibu na upeo, programu nyingi sasa zinaweza kulenga kwa kupiga picha sehemu kadhaa za anga na kuzitambua, na PHD2 ina njia ya zamani ya kutazama mtambao wa nyota, isiyohitaji kuiona ncha kabisa. Sawazisha uzito, kisha kwa vitako vya gia ya skrubu acha upande wa mashariki uelemewe kidogo sana, ili meno yagusane muda wote.

Katika PHD2, andika urefu wa fokasi wa darubini inayoongoza na ukubwa wa pikseli kwa usahihi. Ukikosea hapa, kila namba utakayoisoma usiku huo itakuwa ya uongo. Ziba darubini na uchukue fremu za giza, la sivyo programu inaweza kushikamana na pikseli moto, yaani pikseli mbovu inayong'aa muda wote, ikidhani ni nyota. Pikseli hiyo haisogei kamwe, na grafu itaonekana nzuri ajabu huku picha ikiharibika.

Kalibresheni ifanyike karibu na ikweta ya anga, si mbali na mstari unaopita utosini kutoka kaskazini hadi kusini. Programu itakisogeza kitako magharibi na mashariki, kaskazini na kusini, na kujifunza kila amri inaleta mwendo gani. Ukiifanya karibu na ncha, mwendo wa mashariki na magharibi huwa mdogo mno na kipimo huwa kibovu. Ikikataa upande wa kaskazini na kusini, mara nyingi ni ulegevu wa gia: amri inatumika kuziba nafasi kati ya meno kabla darubini haijasogea.

Shata ya kuongoza ianze na sekunde 2. Ukiweka nusu sekunde kwenye kitako cha kawaida, utakuwa unafukuza mtikisiko wa hewa, na kitako kitarekebisha makosa ambayo hayakuwepo. Vile vya gia za hamoniki ndivyo vinavyohitaji nusu sekunde hadi sekunde moja. Endesha msaidizi wa kuongoza aliyemo ndani ya PHD2, mwache apime kwa dakika kadhaa, na ukubali mapendekezo yake kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kisha soma grafu kwa kulinganisha na kipimo cha kamera kuu. RMS ya jumla (wastani wa ukubwa wa kosa la kuongoza) ikiwa chini ya sekunde za tao za pikseli yako moja, uko vizuri. Ikikaribia nusu yake, acha kabisa kuigusa. Mwenye 1.9 kwa pikseli anayepata RMS ya 1.0 hana sababu ya kukosa usingizi kwa kuwa mtu mwingine anapata 0.5. Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: kosa la mashariki na magharibi likilingana na la kaskazini na kusini, nyota hubaki ya duara hata kama imenenepa kidogo. Nyota ndefu hutokana na kutolingana. Kwa hiyo tazama namba mbili zile kwanza, ile ya jumla baadaye.

Kwa hali yako

Una lenzi ya hadi milimita 200 na kitako kidogo: baki bila kuongoza kwa sasa. Tumia bidii yako kulenga ncha, kuweka fokasi na kusogeza shabaha kati ya fremu.

Una darubini ya milimita 250 hadi 400 na anga lenye taa nyingi: njia zote mbili za kwanza zinafaa. Anza na fremu fupi. Ukiona unatupa fremu moja kati ya tatu, au umenunua filta nyembamba, huo ndio wakati wa darubini ndogo.

Una kitako cha gia za hamoniki na darubini ya fokasi yoyote: ongoza tangu usiku wa kwanza, na uwe na bajeti hiyo kabla hujakinunua.

Una darubini ya milimita 400 hadi 800 na kamera ya kioo: darubini ndogo, na pete imara. Prizimu itakugombanisha na zile milimita 55.

Una Schmidt-Cassegrain ya milimita 2,000 na hujawahi kupiga anga la mbali, yaani nebula na galaksi: prizimu ndiyo inayoendana na chombo hicho, ila kabla yake ningekushauri ufunge lenzi ya kamera au darubini fupi juu ya kitako hichohicho kwa miezi ya mwanzo. Utajifunza kulenga, kalibresheni na kusoma grafu pale ambapo makosa yanasamehewa. Kama huna namna hiyo, tumia lenzi ya kupunguza fokasi, ambayo kwa aina nyingi za darubini hizo huishusha kutoka f/10 hadi f/6.3, na uchague vishada vya nyota angavu kabla ya galaksi.

Na kama tayari unaongoza, grafu imetulia na nyota bado ni ndefu, usinunue kitu kwanza. Fanya lile jaribio la saa moja: fremu ya kwanza dhidi ya ya mwisho. Zikiwa zimezunguka, rudi kwenye ncha. Zikiwa zimehama pamoja, kaza kila skrubu kati ya darubini mbili na urudie jaribio. Zikihama tena, hapo prizimu imeshajichagua yenyewe.